Kidole Kisichokuwa na Kazi

Safari hii siwaletei mahubiri. Nataka kuwaelezea kitu kidogo kilichonirudisha darasani, mimi baba wa watoto, mtu wa miaka zaidi ya makumi ine.

Wakaaji wa Goma wanakumbuka askari wa India, waliokaa Kivu ya Kaskazini miaka mingi pamoja na MONUC, ambayo tangu Julai 2010 iliitwa MONUSCO. Siku za gwaride walipiga zumari ya mfuko: mfuko chini ya kwapa, na mabomba marefu begani yanavuma bila kukata. Sisi tulifikiri ni muziki wa Kihindi. Kumbe ni wa Waskoti! Ulifika India pamoja na majeshi ya Waingereza, na mwaka 1947 Waingereza walipoondoka, zumari ilibaki. Leo mji wa Sialkot, kule Pakistani, unatengeneza hizo zumari nyingi na kuziuza ngambo.

Askari mmoja Mkristo alikuwa anakuja kusali kwetu. Hakujua Kiswahili, nasi hatukujua lugha yake. Siku ya kuagana alinipa filimbi ya kujifunzia, ile ambayo kila mpiga zumari anaanza nayo kabla ya kushika mfuko. Ni bomba jembamba, ndani mna ulimi mdogo unaotetema. Akanionyesha vidole kwa muda wa saa mbili, akafanya ishara ya mkono: polepole. Basi, akaenda.

Nilifikiri ni rahisi, maana sauti ni tisa tu: sol ya chini, la, si, do, re, mi, fa, sol ya juu na la ya juu. Do na fa zinapanda nusu, kwa hiyo wimbo ambao nyumba yake ni re unakubali vizuri. Mkono wa kushoto unakaa juu: kidole gumba kinaziba tundu la nyuma, vidole vitatu vinaziba matundu ya mbele. Mkono wa kuume unakaa chini na vidole vine. Ukiziba yote, hiyo ni sol ya chini. Ukiinua kidole kidogo cha kuume, ni la. Na vidole havikunjwi kama vya mpiga gitaa. Vinalala sawasawa, na tundu linazibwa na nyama ya kidole.

Shida yangu ilikuwa kati ya re na mi. Hapo vidole vitano vinabadilika mara moja: kimoja cha kushoto kinapanda, vitatu vya kuume vinashuka, na kile kidogo kinapanda. Kimoja kikichelewa, sauti nyingine inapenya katikati na kila mtu anaisikia. Tena ulimi wa kinywa hauruhusiwi kukata sauti, kwa sababu siku ya mfuko pumzi haitakatika. Ukitaka kurudia sauti ileile mara mbili, unainua kidole cha shahada cha kushoto upesi na kukirudisha. Mutoto wangu wa mwisho aliniambia, "Baba, ile kitu iko nalia sawa vile mbuzi." Sikumjibu, maana ilikuwa kweli.

Usiku wa 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipolipuka, tulikimbia na wengine wote. Kulipopambazuka mama wa nyumba alitafuta sufuria, hakuna. Akafungua mfuko wa Biblia yangu, akakuta filimbi. Hakusema neno, na mimi nilijua maana ya ukimya ule. Hata leo akikosa sufuria ananitazama mimi.

Wazee wa kanisa nao walikuwa na neno lao. Mmoja alisema, "Pasta, vitu vya askari tumeviona vya kutosha hapa." Ninyi mnaojua Kanyaruchinya, barabara ya Rutshuru, wakimbizi wa mwaka 2012 na tena wa 2022, mtaelewa kwamba mzee huyo hakuwa anatafuta ugomvi. Sikuwa na jibu zuri. Nilihamia nyuma ya jiko, nikapiga kwa sauti ndogo.

Huko nyuma ya jiko ndiko kijana mmoja alinikuta. Alikuwa ametoka machimboni, ambako jiwe lilikata kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto. Alikuwa amejaribu gitaa, lakini wenzake wakamwambia aimbe tu. Alisimama muda mrefu akitazama, mwisho akauliza, "Pasta, mimi sina hii kidole. Nitaweza namna gani?"

Nikatazama mikono yangu kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Kidole gumba cha kuume kinabeba filimbi, vingine nane vinaziba matundu. Kidole kidogo cha kushoto? Kilikuwa kinaning'inia hewani tangu siku ile ya kwanza, hakina tundu, hakina kazi. Nikampa filimbi.

Vidole vyake ni vigumu kwa sababu ya nyundo na mtalimbo, havikunjiki vizuri. Lakini filimbi hii haitaki vikunjwe! Vilijilaza vyenyewe mahali pake. Wiki ya tatu alipanda sol mpaka la ya juu na kushuka. Mimi nilihitaji miezi mine, na ninaandika hivi bila furaha nyingi.

Sasa tunapokezana, kwa sababu filimbi ni moja. Jumamosi iliyopita yule mzee alipita nyuma ya jiko, akasimama, akasikiliza mpaka kijana alipokosa kati ya re na mi. "Hapo," akasema, "hata Pasta anaangukaka hapo." Akavuta kiti.