Jino la Maziwa, Kofia ya Chuma (Sehemu ya 4)

Sehemu ya 3 niliishia pale daktari wa meno alipotuonyesha picha ya eksirei akasema, "Sista, na hili la kushoto nalo limetoboka." Inboksi imejaa, mnauliza nilichagua nini. Haya, leo namalizia.

Kwa aliyefika leo: binti yangu, hapa namwita Nana, alikuwa na miaka 5. Gego lake la pili la chini, upande wa kulia, lilikuwa limeshang'olewa miezi minane nyuma. Doa la kahawia nililiona mapema sana. Nikasema aah, jino la utoto hilo, litang'oka lenyewe. Mimi, nesi wa wodi ya watoto! Usiku nikirudi zamu nilikuwa namkuta kalala na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari mdomoni, nikaona heri hivyo kuliko kumwamsha aanze kulia. Mpaka fizi ikavimba, kijipu kikatoa usaha, mtoto hali, halali. Ikabidi jino litoke. Alilia mpaka sauti ikakauka, na tangu siku hiyo akiona koti jeupe, hata langu, anajificha nyuma ya kochi.

Sasa sikiliza, mama. Lile neno "litang'oka lenyewe" si uongo. Ila gego la pili la utoto hung'oka mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12. Kwa Nana ilikuwa bado miaka mitano au zaidi ya kutafunia. Na kuna jambo jingine: akikaribia miaka 6, nyuma ya gego hilo linaota gego la ukubwani. Likikuta mbele yake pako wazi, linasogea na kukalia nafasi ya jino lingine, halafu lile lililokuwa lije linakosa pa kutokea. Upande wa kulia tayari tulikuwa na hiyo hofu, daktari anafuatilia kama itabidi awekewe kiwaya cha kushikilia nafasi. Kupoteza na la kushoto? Hapana.

Kuziba je? Niliuliza hilo la kwanza, maana ndilo tulilozoea. Tundu la Nana lilikuwa ubavuni, pale gego linapogusana na jirani yake, na lilikuwa kubwa. Magego ya utoto ni madogo na gamba lake ni jembamba, kwa hiyo kizibo cha hapo mara nyingi huvunjika au jino huoza tena pembeni yake. Unarudi kwenye kiti kileile na mtoto yuleyule anayetetemeka. Ndipo daktari akaleta habari ya kuvisha jino kofia, akaweka mbili mezani: ya chuma, inang'aa kama kijiko kipya, na nyeupe ya zirkonia, nzuri, huwezi kujua si jino.

Nitasema ukweli, moyo ulikwenda kwenye nyeupe. Nilishaanza kusikia maneno: mtoto wa nesi ana jino la bati. Nilishamwona mama mkwe akimfungua mdomo pale sebuleni. Nikauliza bei, na kwa kliniki ile nyeupe ilikuwa zaidi ya mara mbili ya chuma, lakini nikaanza kupiga hesabu ya mchezo wetu wa upatu, wallahi.

Daktari hakubishana nami. Alimwambia Nana, "Hebu cheka nikuone." Akamtania mpaka akacheka kweli. Gego halikuonekana. Kisha akanieleza taratibu. Zirkonia ni nene na haipindi, kwa hiyo jino linachongwa pande zote, kwa ganzi ya sindano, na fizi isivuje damu wakati wa kugandisha. Mtoto anatakiwa atulie muda mrefu. Ya chuma ni nyembamba, inakuja na saizi zake kama viatu, inaminywa kingo ikakaa. Tena kuna njia ambayo daktari mmoja wa Uskoti, Norna Hall, aliitumia kwa miaka kwa wagonjwa wake: jino halichongwi, sindano hakuna, uozo unafungiwa ndani kwa simenti na kofia, wadudu wanakosa sukari wanazubaa.

Ila njia hiyo si ya kila jino, shika hapa. Mtoto akiwa anaamka usiku kwa maumivu, au fizi ina kijipu, au eksirei inaonyesha uozo umeingia kwenye kiini, hapo kwanza kiini kitibiwe, au jino litoke. La Nana lilikuwa halijafika huko. Na kama mwanao anatoka vipele akivaa hereni za bei nafuu, mwambie daktari kabla, maana chuma hicho kina nikeli. Kwa meno ya mbele nina mawazo tofauti, pale nyeupe nitaitetea, watoto shuleni wana midomo.

Tukachagua chuma. Kwanza aliwekewa vipete vya mpira katikati ya magego ili yaachane kidogo, akakaa navyo siku nne. Kila mlo, "Mama, nyama imenikwama." Siku ya kofia alikaa wima kwenye kiti, mkono wake umebana kidole changu. Daktari akajaribisha saizi, akapaka simenti, akabonyeza, akamwambia, "Ng'ata kama muwa." Akang'ata. Fizi ikapauka dakika chache ikarudi. Machozi mawili tu, yakaisha.

Jioni niliogopa mwenyewe: meno yake ya mbele hayakutani! Nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Yalikaa sawa ndani ya wiki mbili. Tunapiga mswaki asubuhi na usiku, dawa yenye floridi kiasi cha punje ya njegere, na pembeni ya fizi napitisha mimi mwenyewe. Chupa ya usiku nilishaitupa.

Mama mkwe alipokuja, alichungulia, akanyamaza, halafu akasema, "Mama Nana, mbona hili ndilo zuri kuliko yote?"

Nana ameshaniuliza kama siku likitoka atalitupa juu ya bati kama meno mengine. Nimemwambia litatoka na kofia yake. Amefurahi. Anasema litapiga kelele mpaka jirani atoke nje.