Nilimcheka Mwenye Mvua

Nilikosea. Niliandika kitabu kizima cha kuwacheka watu wanaoomba mvua, na kwa miaka miwili na nusu niliyokaa nikikiandika sikumuuliza hata mmoja wao anaomba nini. Kosa ni langu peke yangu. Hakuna mhariri aliyenipotosha, kwa sababu mhariri sikumtafuta. Niliona atanichelewesha.

Kilikuwa riwaya ya tashtiti kuhusu miungu na watu wao. Nchi yenyewe ni ya kubuni, lakini ni tambarare, kame, yenye mibuyu na vumbi jekundu, na yeyote aliyewahi kushuka basi Dodoma angeitambua kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Humo mna mungu anayekonda kadiri waumini wanavyopungua, hadi siku moja anaamka akiwa ndani ya mwili wa kenge, na muumini aliyebaki ni mmoja. Nilijivunia sana kenge yule. Ukweli ni kwamba mwaka 1992 Mwingereza Terry Pratchett alikwishatoa Small Gods, riwaya ambayo mungu wake, Om, anajikuta ndani ya kobe, na anayemwamini kwa dhati ni kijana mmoja tu, Brutha. Mimi nilimtoa kobe nikamweka kenge. Wahenga walikuwa wamenisema mapema: kwenye msafara wa mamba na kenge wamo.

Mtaani kwetu Nkuhungu hukosi kumwona mtu anayefyatua matofali. Ana kalibu yake ya mbao, na udongo wowote atakaoutia, uwe mwekundu au mweusi, unatoka na umbo lile lile. Ndivyo nilivyowaandika wahusika wangu. Kuhani alikuwa na tumbo na mkono mrefu kwenye sadaka. Mfuasi alikuwa mjinga mwenye moyo safi. Umati ulikuwa umati: unapiga magoti, unasimama, unapiga magoti tena. Wanawake walibeba makafara na kulia. Na palikuwa na mganga wa mvua, tapeli, ambaye usiku hujifunika blanketi akasikiliza utabiri wa hali ya hewa kwenye redio ndogo, na asubuhi akatangaza kwamba ameoteshwa. Sura hiyo niliipenda kuliko zote. Niliisoma kwa sauti peke yangu sebuleni na kucheka.

Shuleni tulifundishwa kuwaita wahusika wa namna hiyo wahusika bapa. Nililijua neno hilo. Nilikuwa nimelitumia kuwakosoa wengine. Lakini kalibu ina raha yake, na raha hiyo sharti nieleze, maana nawe ukikaa kuandika utaionja. Unajua kuhani atasema nini kabla hajafungua kinywa. Kurasa zinajaa. Msomaji anacheka mahali ulipotaka acheke, kwa sababu amewahi kuchekea hapo hapo katika vitabu vingine, nawe unadhani kichekesho ni chako. Jambo pekee nililolitoa nje ya kalibu lilikuwa umbo la yule mganga. Nilimpa fimbo ya babu yangu, kuchechemea kwa babu yangu, na namna babu alivyokuwa akikohoa mara mbili kabla ya kutamka neno zito. Babu alitoka katika ukoo uliotunza mawe ya mvua. Utemi, uliokwenda pamoja na mawe hayo, ulifutwa mwaka 1963, lakini mawe hayakufutwa na sheria, yakabaki nyumbani. Mimi nilimwona nikiwa mdogo, nikamkumbuka kwa kikohozi, nikadhani hiyo inatosha kumjua.

Nilichapa nakala 300 kwa fedha zangu. Niseme vizuri: kwa mkopo wa SACCOS. Ilikuwa shilingi milioni 2 na laki 4. Jumamosi iliyofuata nikachukua nakala moja, nikapanda basi kuelekea Bahi, nikashuka kijijini kwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi. Nilikwenda kujionyesha. Sina neno jingine la kuieleza safari ile.

Nilimkuta uani akibangua karanga, ungo mapajani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniletea kigoda.

"Nisomee basi, baba," alisema. Shangazi zetu hutuita baba, na siku hiyo jina lilikuwa kubwa kunizidi.

Nikamsomea sura ya redio. Akacheka. Alicheka mpaka maganda yakaanguka kutoka kwenye ungo, nami nikaendelea kwa sauti ya mshindi. Nilipofika mwisho akanyamaza kidogo, akabangua karanga tatu au nne, kisha akauliza, "Na redio ikikosea?"

Nikasema sikufikiria hilo.

"Ikikosea, huyu mtu wako anakwenda wapi?"

Kitabuni mwangu hakwenda popote. Alikula kafara na kulala. Shangazi akanieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba mwenye mawe hakuwa mtu wa kuamka asubuhi na kutangaza ndoto. Mvua ikigoma, hakuamua peke yake. Wazee walitumwa kwa mpiga ramli, tena wa mbali, ili aseme nchi imeharibikia wapi, na jibu likirudi huenda likamgeukia mwenye mawe mwenyewe: kosa liko nyumbani kwako. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote huja kati ya Desemba na Aprili. Ukipanda uwele na mvua ikakatika Januari kwa majuma matatu, umepanda chakula cha ndege. Katika nchi ya namna hiyo, mtu aliyekubali kuulizwa habari za mvua hakupata kazi ya starehe. "Baba alikuwa halali," shangazi alisema. "Watu walikuwa wanamtazama akipita."

Hapo ningeweza bado kujitetea. Ningesema ni riwaya, ni utani. Lakini akauliza swali la pili: "Na wanawake wako mbona wanalia tu?"

Kisha akaweka ungo chini, akasimama. Alikuwa msichana mdogo, alisema, ng'ombe walipokuwa wakifa na nchi imechafuka, na wanaume walikuwa wameshindwa. Wanawake wakachukua nguo za wanaume wakavaa. Wakashika fimbo na mikuki, wakatoa ng'ombe zizini, wakaenda kuchunga. Wanaume wakabaki nyumbani. Njiani wanawake waliimba nyimbo ambazo siku nyingine mtu angepigwa kwa kuzitaja, wakiwasema wanaume kwa majina na kwa maungo, na hakuna mwanamume aliyethubutu kujibu. Walikwenda hivyo mpaka mpakani, wakautupa uchafu wa nchi bwawani, wakarudi kupika.

"Mama alivaa shuka ya baba," alisema, akaokota fimbo ya kufukuzia kuku. Akaegemea upande mmoja. Akachechemea hatua tatu kukatiza ua. Akasimama, akainua kidevu, akakohoa mara mbili.

Alikuwa babu. Mwanamke wa miaka zaidi ya 70 alikuwa anamwiga mama yake akimwiga mume wake, na babu alikuwa pale uani, mzima, na majivuno yake yote. Nami nilicheka kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuchekea kitabu changu. Kicheko kilipokatika ndipo nikaelewa nimefanya nini. Bibi yangu alikuwa amemcheka mwenye mvua zaidi ya miaka 60 kabla yangu. Alimcheka akiwa anaishi naye nyumba moja, mbele ya watu wote, katikati ya balaa ambalo lingemuua yeye pia, na kicheko chake kilikuwa sehemu ya dini yenyewe. Mimi nilidhani naleta dhihaka mahali ambapo watu hawajui kucheka.

Baadaye nilikuta kwamba Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi huku kwetu Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa ameiandika mila hiyo, wanawake wakivaa kiume na kuchunga ng'ombe. Maandishi yake yalikuwa maktaba muda wote. Nyumbani kwangu mwenyewe nilikuwa na kitabu cha Mathias Mnyampala, ambaye mwenyewe alikuwa Mgogo na Mkristo, kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Nilikuwa nimekifungua mara moja, nikakopa majina ya wahusika, nikakifunga.

Basi la kurudi mjini lilichelewa, nikapata muda wa kusoma kitabu changu kama kimeandikwa na mtu mwingine. Kila ukurasa ulikuwa na lake. Sura ya tisa ina njaa kubwa, na sababu yake ni kwamba mungu amenuna. Hiyo nayo ni kalibu: mungu akinuna, mvua inakatika. Lakini njaa ambayo wazee wa Ugogo wanaitaja kwa jina ni Mtunya, ya miaka ya mwisho ya Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake kidogo. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wa kubeba mizigo, na ukame ulipofika ukakuta ghala tupu. Nilikuwa na kisa ambacho serikali mbili zilikomba nchi nzima, nikakitupa, nikaandika kenge aliyenuna.

Kwa nini? Nimejiuliza sana, na jibu halinipendezi. Mjini kwetu yapo mabango ya watu wanaojiita manabii, wenye vipaza sauti, maji na mafuta ya kuuza. Hao sikuwagusa. Wana wafuasi, wana mawakili, na mmojawapo mke wangu anamsikiliza. Kanisa langu pia sikuligusa. Kila Jumapili huimba besi kwaya, na Jumatatu usiku nilikuwa naketi kuandika jinsi waumini wanavyopiga magoti bila kufikiri. Nilijiita jasiri, kumbe nilimchagua mzee aliyekufa, asiye na bango, asiyeweza kunishtaki.

Waandishi walionitangulia hawakufanya hivyo. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Alipata hata kuhamishiwa Mpwapwa, kwenye plato hii hii, katika miaka ya 1940. Kusadikika, nchi ya kitabu chake cha jina hilo kilichotoka mwaka 1951, inaelea angani. Aliipeleka juu kwa sababu aliokuwa anawasema walikuwa juu yake, na mkate wake ulikuwa mikononi mwao. Mimi nilijificha kwenye nchi ya kubuni ili niwaseme waliokuwa chini yangu. Na Kezilahabi, alipoingia katika mambo ya Mungu na dini kwa riwaya zake, Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, msimulizi wake hakubaki nje ya uzio akiwacheka waliopotea. Yumo humo humo, naye anatafuta njia. Vitabu hivyo nilivisoma na kupigia mistari. Nilichojifunza kwao ni kwamba inaruhusiwa kuandika mambo ya ajabu.

Gharama ni hii. Nakala 41 ziliuzwa, 259 ziko kwenye maboksi chini ya kitanda. Mkopo nililipa kwa miezi 14. Binamu yangu, aliyelelewa na babu, aliinunua nakala yake stendi, akaisoma, akamtambua mzee kwa kikohozi. Tangu hapo hapokei simu yangu. Nilikwenda kwake mara moja. Alinikaribisha, akanipa chai, akazungumzia bei ya zabibu mpaka nikaaga. Sikupata pa kuliingizia neno samahani, na huenda ndivyo alivyokusudia.

Ukitaka kuwaandika watu na mungu wao kwa dhihaka, siwezi kukukataza. Nami bado naipenda kazi hiyo. Jaribio ninalolitumia sasa ni dogo: namwuliza mhusika lile swali la shangazi, redio ikikosea anakwenda wapi. Akikosa pa kwenda, najua simjui. Na huwa natafuta ni ukurasa gani mimi mwenyewe nimo.

Huo wa kwangu niliupata Januari iliyofuata. Mvua ilikuwa imekatika siku 19, mahindi ya watu yamejikunja. Jumapili mchungaji akatangaza maombi ya mvua, tukapiga magoti sakafuni: mhasibu, mwalimu, fundi pikipiki, mama anayeuza mlenda sokoni. Nilifumbua jicho nikawatazama. Sikumwona mjinga. Niliwaona watu wenye mashamba. Nikafumba, nikaomba nao, kwa besi.

Mvua ilinyesha Jumatano. Ilikuwa imetabiriwa, na mimi nilikuwa nimeusikia utabiri redioni asubuhi ile ya Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, nikiwa bado ndani ya blanketi.