Kabla hujapanda basi Lamadi, safari ianze kwenye simu

Kwa abiria anayepita tu, Lamadi ni mahali pa kununua maji na kuendelea na safari. Basi linasimama, wachuuzi wanakimbilia madirishani na karanga, ndizi na samaki wa kukaanga, kisha kondakta anagonga ubavu wa gari na watu wanaondoka. Wenyeji wanaijua tofauti. Mji huu wa Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, ni njia panda inayolisha familia nyingi.

Upande mmoja kuna Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke, na upande wa pili, mwendo mfupi tu, kuna lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Katikati inapita barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma. Hapo hapo inachepuka barabara ya Bariadi, yenye kilomita 71.8 za lami, iliyozinduliwa mwaka 2018. Ukiifuata unapita Maswa na kutokea Mwigumbi, mkoani Shinyanga, hivyo anayekwenda Dodoma au Dar es Salaam halazimiki kuzungukia Mwanza.

Mahali pa namna hii, baba na mama wengi ni watu wa safari. Huyu anapeleka dagaa Bariadi, yule anafuata nguo Mwanza, mwingine anakwenda Kariakoo kutafuta vipuri vya pikipiki. Kila anayeondoka anaacha watoto nyuma. Siku moja inayopotea stendi kwa kukosa gari ni usiku mmoja zaidi mtoto analala kwa jirani, na fedha ya gesti ambayo ingenunua madaftari. Simu iliyo mkononi mwako, mzazi, inaweza kuokoa siku hiyo, mradi uitumie kabla ya kuondoka.

Je, lazima uende?

Swali la kwanza ni hilo, na mara nyingi jibu ni hapana. Leseni ya biashara siku hizi huombwa kupitia mfumo wa TAUSI wa halmashauri, na malipo hufanyika kwa namba ya udhibiti kwenye simu. Jina la biashara au kampuni husajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao. Mnunuzi wa mazao anayepanga kuja Simiyu naye afuatilie kwanza taarifa za minada ya TMX, kwa kuwa mazao kama dengu na choroko yamekuwa yakiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Kufika na lori kabla ya siku ya mnada ni hasara.

Kwa bidhaa za dukani, piga simu ya video. Mwambie muuzaji akuonyeshe mzigo ulipo, rangi zilizobaki na bei ya jumla. Kama ni mtu uliyezoeana naye, mzigo unaweza kuja kwa basi na wewe ukaupokea hapo hapo stendi.

Nauli, tiketi na saa

Kama ni lazima uende, anza na nauli. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hutangaza viwango kwenye tovuti yake. Vile vilivyoanza Desemba 2023 viliweka Sh48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida kwenye lami. Zidisha kwa kilomita 71.8 za Lamadi hadi Bariadi, unapata karibu Sh3,480. Kiwango kikibadilika, namna ya kupiga hesabu haibadiliki. Mtu anayejua hesabu hiyo hapangiwi bei na mpiga debe.

Kata tiketi ya kielektroniki, yenye jina lako na namba ya gari. Namba hiyo ina faida nyingine: LATRA ina mfumo wa mtandaoni wa taarifa kwa abiria unaosaidia kujua basi liko wapi na linakwenda mwendo gani. Anayebaki nyumbani na watoto akiwa na namba ya basi hana haja ya kukupigia kila nusu saa.

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya zuio. Kwa Lamadi maana yake ni kwamba basi linaweza kukushusha saa nane za usiku. Kabla ya kukata tiketi, hesabu saa ya kufika, siyo ya kuondoka peke yake. Panga pia na bodaboda unayemfahamu akupokee.

Angalia unashukia wapi. Mwanza ina stendi mbili kubwa: Nyamhongolo iko upande wa barabara ya Musoma, unakotokea wewe, na Nyegezi iko upande wa Shinyanga. Anayeunganisha safari atenge muda wa kuvuka jiji. Kwa anayekwenda Dar es Salaam, treni ya SGR imekuwa ikifanya safari kutoka Dodoma tangu mwaka 2024, na tiketi zake hupatikana mtandaoni. Stesheni yake ya Dar es Salaam iko karibu zaidi na Kariakoo kuliko Stendi ya Magufuli iliyoko Mbezi.

Pakua ramani ya mji unaokwenda ungali na mtandao mzuri, ili ifunguke hata bando likiisha. Soma pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa kama safari yako ina kipande cha boti ziwani.

Fedha zako

Mfanyabiashara akiomba utangulize malipo, omba namba ya Lipa. Kabla hujaweka namba ya siri, simu itakuonyesha jina la anayepokea. Lisipofanana na jina la duka, usilipe. Piga *106# ujue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na ujumbe wa kitapeli utume 15040. Usibebe mtaji wote taslimu, wala usiuache wote kwenye laini moja. Simu huibwa.

Yale ambayo simu haiyafanyi

Hakuna programu itakayomchukua mtoto shuleni au kumpa dawa usiku. Hayo hupangwa kwa mdomo na kwa karatasi. Andika namba ya basi, mahali utakapolala, namba ya mtu unayemfuata na siku ya kurudi. Bandika karatasi hiyo mahali ambapo bibi, shangazi au dada wa kazi ataiona. Acha kadi ya kliniki au ya bima na fedha kidogo taslimu, kwa sababu homa ya mtoto haisubiri mtandao urudi. Mweleze mwalimu wa darasa nani atakuwa mlezi siku hizo. Watoto wakubwa wafahamu namba 116, Simu ya Mtoto, ambayo hupigwa bure.

Kisha mwambie mtoto siku ya kweli. Kama ni Alhamisi, sema Alhamisi, usimwambie "kesho" ili anyamaze. Mtoto wa Lamadi anaona mabasi kutwa, na anajua kwamba linaloondoka hurudi. Anachotaka kujua ni lipi limekupakia wewe, na siku gani.