Kazi Katika Kampuni Changa

Sisi tuliokulia katika utumishi wa serikali tumezoea kuiona kazi kama mbuyu: hatuuoni ukikua, wala hatutazamii kuuona ukianguka. Jalada hupita mikononi mwa watu kumi, na likiisha safari yake ni vigumu kumtaja aliyeifanya kazi yenyewe. Ndiyo maana kijana anapojiunga na kampuni changa ya kompyuta, yenye watu saba katika chumba kimoja, wazee humwuliza swali moja tu: je, kazi hiyo ni ya kudumu? Swali ni la haki, lakini halitoshi.

Mpwa wangu aliingia kampuni ya namna hiyo jijini Dar es Salaam, akaandika programu ya kutunza hesabu za maduka ya dawa. Siku moja tulikuwa pamoja katika duka moja la Magomeni, akamwona mwuzaji akiitumia programu ile bila kujua kwamba aliyeitunga amesimama mbele yake. Hakusema neno. Mimi niliyepata kuchapisha mashairi naifahamu furaha ile, na sijapata kuionja ofisini.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Acorn, kampuni iliyoanzishwa mjini Cambridge, Uingereza, mwaka 1978. Mwaka 1981 shirika la utangazaji la BBC lilipotafuta kompyuta ya kuufundishia umma, wahandisi wachache wa Acorn, wakiwamo Sophie Wilson na Steve Furber, waliunda kielelezo kwa siku zisizotimia wiki. Wakapata mkataba, na kompyuta yao ikaenea katika shule za Uingereza, ikauzwa zaidi ya milioni 1. Kisha neema ikawapa kisogo. Krismasi ya mwaka 1983 wateja waliigombea kompyuta yao ndogo, Electron, nayo haikupatikana ya kutosha. Mwaka 1984 ilipopatikana tele, wateja walikuwa wameadimika, bidhaa zikajaa maghalani. Mwaka 1985 Olivetti ya Italia ikaitwaa kampuni. Ajabu ni kwamba Aprili ya mwaka huo huo kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, walichokibuni Wilson na Furber kilifanya kazi mara ya kwanza tu kilipojaribiwa. Kutokana nacho ilizaliwa mwaka 1990 kampuni ya ARM, iliyoanza na wahandisi 12, ambayo usanifu wake umo leo katika takriban simu zote za mkononi, pengine hata hiyo uliyo nayo, ndugu msomaji. Acorn yenyewe haipo tena.

Tuyaache ya Cambridge. Katika kampuni ya mpwa wangu mteja mmoja mkubwa alichelewa kulipa, na mishahara ikakatika miezi mitatu. Mwenye kampuni hakuwa mwovu; mchana alikula nao mihogo ile ile. Aliwaambia, "Sisi ni ndugu, tuvumiliane." Neno hilo ndilo linalonisumbua. Undugu ni johari ya utamaduni wetu, na pasipo undugu watu saba hawawezi kukesha juu ya kazi moja. Lakini mwenye nyumba aliyempangisha mpwa wangu hakuwa ndugu yake, na mtoto alirudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya ada. Tena, kampuni ikipanda, mali ni ya ndugu mmoja. Ikishuka, njaa ni ya ndugu wote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, humtaka mwajiri aandike masharti ya kazi na alipe ujira kwa wakati. Haimsamehi kwa kuwa watu wake ni wachache. Wapo wasemao kwamba karatasi huua undugu. Nimeishi na makaratasi miaka thelathini, sijaona hata moja likiua undugu, ila nimeona kadha wa kadha yakiuokoa.

Mpwa wangu bado yuko pale. Mwezi uliopita alinijia na mkataba, kurasa nne. "Mjomba," akasema, "nitazamie Kiswahili chake." Nilisahihisha vituo viwili, nikamrudishia.