Uta wa Babu

Babu yangu alikuwa mwindaji wa Ukambani. Hakuwa na bunduki yenye nakshi za fedha, kama zile walizojivunia mabwana wa Pwani na wa Oman. Alikuwa na uta na podo la mishale ya sumu. Kila mwindaji alitia alama yake katika mishale yake, ili mnyama akianguka ijulikane ni nani aliyemwua. Hapakuwa na nafasi ya kujisifu uongo.

Pembe za ndovu ziliwainua wengi. Kivoi wa Kitui alipeleka misafara yake hadi Mombasa, na mwaka 1849 alimpokea kwake mgeni Krapf. Jina lake lilivuma mbali kabla hajauawa mwaka 1851.

Babu alipofariki, mimi na kaka yangu tuligombea uta ule. Miezi sita hatukusemezana, kila mmoja akidhani kwamba atakayeutundika ukutani ndiye mkubwa wa ukoo. Mwishowe mama akatuita, akasema: "Wanangu, tangu Serikali ilipokataza uwindaji mwaka 1977, uta huu umemlisha nani? Babu yenu aliheshimiwa kwa kuwa alipopata nyama aliwagawia jirani. Ninyi mmegawa nini?"

Tuliona haya, tukanyamaza. Leo uta umo nyumbani mwa mama, na karo ya watoto wa dada yetu mjane twailipa sote wawili.

Ndugu msomaji, chombo cha mzee hurithiwa. Heshima yake hutafutwa.