Shajara ya Nyeri: Kambi ya Kiingereza

Jumatano, 8 Novemba 2023

Tumeingia Nyeri usiku, mvua ikiwa haijakatika tangu Namanga. Afadhali tulizungukia Arusha. Kwa El Niño hii, njia ya Horohoro na Mombasa ingetulaza barabarani. Watoto wa Korogwe baridi wanaisikia redioni tu. Wa kwanza kushuka aliona mvuke unamtoka mdomoni, akacheka, akapuliza tena. Basi wote wakasimama kwenye matope wanapuliza, mizigo inalowa.

Shule hii ya bweni imefungwa tangu mtihani wa darasa la nane uishe, sisi tumepangishiwa vyumba na jiko. Watoto wamemaliza la saba Septemba. Januari wanaingia kidato cha kwanza, na hesabu, baiolojia, jiografia, vyote walivyosoma kwa Kiswahili miaka saba, vitawageukia Kiingereza kwa siku moja. Ndiyo maana wazazi wamechanga. Kwetu mtu akisema Kenya wanamwaga ung'eng'e, habishiwi.

Jumapili, 12 Novemba

Leo saa kumi na mbili asubuhi Mlima Kenya umeonekana, wote, na theluji yake. Ilipofika saa mbili ulikuwa umeshajifunika. Mpishi ameniambia niwaamshe watoto mapema, mlima hauna adabu ya kusubiri wageni.

Kibao kimeanza kazi. Ni kipande cha mbao chenye kamba, unakivaa shingoni ukikutwa unasema Kiswahili, na hukivui mpaka umnase mwingine. Atakayelala nacho anaosha masufuria. Mkuu wa kambi, mwenyeji wa hapa, amenieleza utaratibu huo kwa fahari.

Matokeo yake ni kimya. Watoto waliokuwa wanapiga kelele basi zima, kutoka Korogwe mpaka Karatina, leo wamekula makande (huku githeri) kama wako matangani. Wanaombana chumvi kwa vidole. Mmoja wao, kijana mwembamba wa Mombo, alivalishwa kibao asubuhi, akazunguka nacho hadi mchana bila kumpata mtu. Mwishowe alimfuata rafiki yake kwenye foleni ya chai, akamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, kwa nguvu. "Mama yangu weee!" Kibao kikahama shingo. Sikujua nicheke au nimchape.

Jumatatu, 13 Novemba

Serikali ya Kenya imetangaza leo sikukuu ya kupanda miti. Nia yao ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tulitoka na majembe pamoja na watu wa mtaa. Mvua imelainisha udongo, kazi ilikuwa nyepesi.

Mahali pa kupanda miti ni huku hasa. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri hii hii, mwaka 1940. Nimewasimulia watoto habari za Nobeli ya 2004. Sikuwasimulia sehemu nyingine ya kumbukumbu zake: alipokuwa bwenini St. Cecilia's, misheni ya Mathari, aliyekutwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa beji, na jioni akapewa adhabu ya kufagia au kazi ya bustani. Mathari haiko mbali na tulipolala. Miaka sabini na zaidi, na kitu ni kile kile, kimebadilika kuwa mbao tu.

Usiku nilimuuliza mpishi kama na yeye alikivaa. "Sana, mwalimu. Sisi ilikuwa kwa sababu ya Kikuyu. Na Kiingereza sikushika huko. Nilishika hotelini, nikiosha vyombo, mzungu akitaka kijiko mara hiyo hiyo."

Jumamosi, 18 Novemba

Ziara ya kaburi la Baden-Powell. Mtu aliyewapigisha kambi wavulana pale kisiwani Brownsea mwaka 1907, na skauti ikaanzia hapo, alikuja kumalizia uzee wake Nyeri, kwenye nyumba ndogo ya Paxtu katika viwanja vya hoteli ya Outspan. Alifariki tarehe 8 Januari 1941. Jim Corbett, mwindaji wa chui na simba-marara wa India, amezikwa makaburi hayo hayo.

Watoto waliambiwa wasome jiwe kwa sauti, mmoja mmoja, kwa matamshi. Walisoma kwa hofu. Chini ya maandishi kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti anayefuatiwa nyayo: nimekwenda nyumbani. Hiyo waliielewa mara moja, na maswali yakaanza kumiminika, ya Kiingereza kibovu kabisa. Kwa nini hakwenda kwao Uingereza? Nani alichora? Hakuna aliyekumbuka kuogopa. Mkuu wa kambi naye, namshukuru, alikaa kimya.

Alhamisi, 23 Novemba

Siku ya ajabu. Matokeo ya darasa la saba yametoka Tanzania, na leo leo Kenya wametoa ya darasa la nane, ya mwisho kabisa ya mtihani ulioanza mwaka 1985. Redio ya jikoni haikunyamaza. Nilikaa na simu hadi usiku nikitafuta namba za watoto kwenye mtandao unaokatika kila wingu likipita. Wamefaulu karibu wote. Wa Mombo amefaulu vizuri. Nilimwambia kwa Kiswahili, mbele ya watu, na nikamtazama mkuu wa kambi usoni.

Baadaye tulizungumza, mimi na yeye, barazani. Simwoni mtu mbaya. Anasema wazazi wamelipia Kiingereza, na mtoto akiachiwa Kiswahili atakitumia siku zote za kambi. Ni kweli. Nami sikatai Kiingereza. Nimeshaona watoto wangu wa la saba wenye akili wakikaa miezi mitatu sekondari wanakariri wasichokielewa, kisha wanaanza kuitwa wazito. Nilichomwambia ni kwamba kibao kinawafundisha kuvizia. Akasema atafikiri.

Jumanne, 28 Novemba

Soko la Karatina. Kila mtoto alipewa shilingi 200 za Kenya anunue anachotaka, kwa Kiingereza. Wenye meza wanaitana kwa Kikuyu, wakituona wanageuza Kiswahili, na Kiswahili chetu kinawafurahisha, wanataka tuendelee. Nilidhani siku imeharibika. Lakini kijana wa Mombo alikuwa ameona sweta la mtumba, la buluu, mama akitaka 300. Akaanza. Alipungukiwa na maneno, akashika mkono wa sweta akamwonyesha tundu dogo la kwapani, akasema neno moja la Kiingereza mara tatu, akaondoka, akaitwa, akarudi. Mama naye akaingia kwenye mchezo kwa Kiingereza chake. 180. Alilivaa pale pale juu ya lile la shule.

Jioni alikuwa jikoni anamenya viazi na mpishi, wanabishana kwa Kiingereza kama mama anayo haki ya kuuza sweta lenye tundu.

Ijumaa, 1 Desemba

Fomu za wazazi. Kusoma, kuandika, kuongea, nidhamu, na mstari wa chini: amevaa kibao mara ngapi. Mstari huo nimeuacha wazi kwenye fomu zote, nikatia sahihi. Mkuu wa kambi ameziangalia, akazipiga muhuri bila neno.

Basi linaondoka saa kumi alfajiri. Mpishi ameahidi mikate na chai ya chupa. Bado sijapata hati za kusafiria za watoto wawili, ziko kwenye droo ya ofisi na mwenye ufunguo ameenda Othaya.