Ua Linalonuka Saumu, Lisilojali Mfereji Ukikauka

Wasee, tusidanganyane: mtaa kama Makongeni unataka mmea mgumu. Waridi ni la watu ambao mfereji wao unatoa maji kila siku. Sisi wa jerikeni tunataka kitu kinachojua kungoja.

Kipo. Kitaalamu kinaitwa Tulbaghia violacea, na kwao ni Afrika Kusini, upande wa Eastern Cape na KwaZulu-Natal. Majani ni membamba, maua ni ya zambarau, na ukiyafikicha majani mkono unanuka kitunguu saumu kabisa. Wazulu huupanda karibu na nyumba kufukuza nyoka. Huku kwetu nyoka si shida, lakini afadhali saumu mlangoni kuliko harufu ya mtaro.

Siri yake ni mizizi minene inayoweka maji. Ukikosa maji wiki nzima, unakutazama tu. Kinachouua ni maji kutuama. Kwa hivyo toboa mkebe wa rangi chini, weka kokoto, halafu udongo uliochanganywa na mchanga na samadi kidogo. Uweke penye jua. Maji ya kusuuza mboga yanatosha.

Mathe mwanzoni alicheka: "Sasa unapanda nyasi?" Siku hizi akikosa saumu anakata majani mawili matatu, anatia kwa sukuma. Kidogo tu. Ni kiungo, si dawa, hata mtu akiapa huko TikTok.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Tangu hapo swali ni moja: una mpango gani? Na hizi nyumba zilijengewa wafanyakazi wa reli, si zetu, stori ya kuhama haiishi. Ndiyo maana majirani huniambia, "Usipande, utamwachia nani?"

Hapo ndipo nakataa. Mmea huu ukijaza mkebe, unaung'oa, unaugawa kwa mkono, na kila kipande chenye mizizi kinashika upya. Kutoka mmoja nimepata tisa. Mitano nimeuza, miwili iko kwa majirani. Siku ya kuhama nitabeba mikebe yangu kama ninavyobeba sufuria. Kupanda hakuhitaji hatimiliki. Tukingoja ardhi iwe yetu ndiyo tuanze kitu, tutazeeka tukingoja.

Kama uko Eastlands na una mkebe mtupu, niandikie. Nitagawa tena mvua ikianza.